Habari Iliyokatwa kwa Mkasi

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Redio aliingia mbio kwenye chumba cha cherehani, akatupa begi la shule chini ya meza ya kukatia nguo, akatoa shikamoo zote kwa mkupuo mmoja, kisha akanyoosha mkono na kuuliza, "Gazeti liko wapi?"

Msishangae jina. Redio hakuwa na betri wala waya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano, na aliitwa hivyo kwa sababu akishaanza kuongea hakuna aliyejua pa kubonyeza ili anyamaze.

Chumba kilikuwa cha shangazi yake, fundi wa nguo aliyejulikana mtaa mzima. Shangazi alikaa kwenye cherehani karibu na mlango, apate mwanga. Nyuma yake alikaa Mzee Vifungo, aliyekuwa na kazi mbili: kupachika vifungo kwa mkono, na kubishana. Ya kwanza alilipwa, ya pili aliifanya kwa mapenzi yake. Kwenye kona, penye pasi, alisimama Mama Bonge, akinyoosha nguo zilizokwisha kushonwa. Mwanawe Bonge, mtoto wa miezi tisa kasoro wiki moja, mwenye mashavu ya kutosha watoto wawili, alikaa mkekani akichezea vipande vya vitambaa.

Kushona kunataka macho na mikono, lakini masikio hukaa bure tu. Ndiyo maana Redio alisoma gazeti na wakubwa wakafanya kazi. Kila habari ikiisha, Shangazi aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikatulia, naye akauliza, "Imetokea wapi? Lini? Nani kasema?" Akishajibiwa, aliongeza swali lake la mwisho, "Haya, na sisi je?" Hapo kila mmoja alilazimika kueleza habari ile inamgusa vipi, hata kama imetoka upande wa pili wa dunia.

Siku moja Redio alisoma kwamba meli kubwa ya mizigo ilikuwa imekwama kwenye njia nyembamba ya bahari, mbali sana, na meli nyingine nyingi zilikuwa zimepanga foleni nyuma yake.

"Na sisi je?" aliuliza Shangazi.

"Sisi tuko nchi kavu," alisema Mzee Vifungo. "Waisukume wenyewe."

"Hebu tuambie, Mzee, hiyo zipu iliyo mbele yako imeota shambani?"

Mzee Vifungo akaiangalia zipu, akaiangalia na kopo la vifungo, akakohoa. Kumbe zipu, vifungo na hata sindano vilikuja kwa meli! Redio alicheka mpaka akashika mbavu, lakini usiku kucha, kama alivyosema mwenyewe kesho yake, aliiota ile meli. Ikwame huko, gauni likose zipu hapa. Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba habari za mbali hazimhusu.

Siku nyingine alisoma habari za uchaguzi wa nchi fulani, ambako wagombea wawili walitangaza kila mmoja kwamba ameshinda.

"Wote wameshinda?" aling'aka Mzee Vifungo. "Basi aliyeshindwa ni nani?"

"Wananchi," alijibu Mama Bonge bila kuinua macho kwenye pasi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Redio alizipenda saa hizo kuliko mchezo wowote. Darasani alikuwa mmoja kati ya wanafunzi hamsini. Hapa watu wazima watatu walimsubiri afungue kinywa. Kidogo kidogo, kichwa kikaanza kumvimba.

Ikaja siku ya mvua kubwa, siku ya Jumatatu. Barabara ilijaa maji, na muuza magazeti hakuonekana. Shangazi naye alikuwa amekwenda shule moja kuwapima wanafunzi sare mpya. Redio alipoingia, akichuruzika maji, hakukuwa na gazeti.

"Ala! Leo Redio haina betri," alisema Mzee Vifungo. "Tumepumzika kweli kweli."

Mama Bonge akacheka. Ulikuwa utani tu, tena wa upendo, lakini ulimchoma Redio. Akatazama huku na huku. Ukutani, kwenye misumari, yalining'inia magazeti ya zamani. Shangazi hakuyatupa. Aliyakata kwa umbo la kifua, mgongo, mkono na kola, akayafunga pamoja kwa uzi, yakawa vielelezo vya kukatia nguo. Ukitaka gauni la mtoto, unashusha fungu lake, unalaza karatasi juu ya kitambaa, unazungusha chaki, basi.

"Nani kasema halipo?" alisema Redio. Akachomoa karatasi moja kwenye fungu, akaenda kuinama nyuma ya meza, ambako hawakuweza kuona kwamba karatasi imekatwa. Akaanza kusoma kwa sauti.

"'Chanjo ya surua yasimamishwa. Wizara ya Afya imesimamisha chanjo ya surua katika vituo vyote, baada ya watoto kadhaa kuugua. Msemaji wa wizara amesema kwamba chanjo hiyo...'"

Hapo mkasi wa Shangazi ulikuwa umepinda kufuata kwapa, na maneno yakakatika.

Redio angeweza kusema, "Sijui imeishaje." Maneno mawili matatu tu, yasingemgharimu kitu. Lakini aliinua macho akaona pasi imesimama hewani, na Mzee Vifungo, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa jambo lolote, amenyamaza. Hakuwa amewahi kusikilizwa hivyo. Akatia chumvi.

"'...chanjo hiyo si salama,'" alimalizia kwa sauti nzito ya mtangazaji. "'Wazazi wameombwa wasiwapeleke watoto wao.'"

"Mungu wangu!" Mama Bonge aliweka pasi pembeni, akamnyanyua mwanawe kutoka mkekani. "Bonge alikuwa aende Jumatano! Ahsante, mwanangu. Ungekuwa hukusoma, ningempeleka."

Redio alitaka kusema kitu. Lakini Mzee Vifungo akaanza kulaumu wizara, Mama Bonge akaanza kulaumu madawa, na muda wa kusema ukapita. Akairudisha karatasi kwenye fungu lake, akajifariji kwamba mpaka kesho watakuwa wamesahau.

Kesho yake jua likawaka, gazeti likaja, Shangazi akawa kwenye cherehani yake, na hakuna aliyeitaja chanjo. Redio naye akajitahidi kusahau. Jumatano ikaja ikapita. Bonge alishinda mkekani, akitafuna utepe wa kupimia.

Ijumaa Redio alifungua gazeti, na kama kawaida akapitisha macho kwenye vichwa vya habari kabla ya kuanza. Moyo ukamlipuka. Ukurasa wa tatu, katikati, paliandikwa kwamba surua imeingia katika kata ya jirani, ng'ambo tu ya daraja. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelazwa. Kliniki zote zingefunguliwa Jumamosi, na wazazi wenye watoto wa miezi tisa na kuendelea waliombwa wawapeleke wakachanjwe bila kukawia.

"Vipi, Redio? Umemeza mfupa?" aliuliza Mzee Vifungo.

"Natafuta ya kuanzia, Babu."

Akaruka ukurasa wa tatu. Akasoma habari za mpira, akasoma za ukame katika nchi ya mbali na bei ya ngano. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini cherehani ilikuwa inanguruma na hakuna aliyetambua. Habari ya ngano ilipoisha, Shangazi akaondoa mguu kwenye pedali.

"Na sisi je?"

"Mkate utapungua unene," alisema Mzee Vifungo.

"Mimi leo hata sina mawazo ya mkate," alisema Mama Bonge. "Huyu mtoto hakulala. Amekesha analia, na mwili unachemka."

"Na wewe, Redio?" aliuliza Shangazi. "Na sisi je?"

Redio akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno, kilikuwa kilio. Alilia kwa kwikwi, gazeti likamwanguka mkononi, na Shangazi akainuka kwa haraka hata kiti kikapinduka.

"Kuna nini, mama? Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, Shangazi. Ni mimi. Ile habari ya chanjo haikuwa ya gazeti la siku ile. Niliisoma kwenye kielelezo cha gauni. Ilikuwa imekatwa, na mwisho wake niliutunga mwenyewe. Na leo wameandika surua iko ng'ambo ya daraja."

Ilibidi aeleze mara mbili, kwa sababu Shangazi hakuwa amesikia lolote kuhusu chanjo.

"Yaani," alisema Mama Bonge polepole, "mimi nimemnyima mwanangu chanjo kwa sababu ya kwapa la gauni?"

"Nisamehe, Mama Bonge."

"Usiniambie nikusamehe. Mtoto anachemka huyu!" Akamkumbatia Bonge kifuani, akampa Redio mgongo. Redio hakuwahi kupewa mgongo na Mama Bonge hata siku moja. Ilimuuma kuliko kupigwa.

Shangazi hakufoka. Alisimama akakiokota kiti. "Lete hicho kielelezo," alisema. "Na wewe Mzee, shusha fungu lote la gauni la mtoto. Ukurasa mmoja huwa natoa kifua na mkono. Huo mwisho wa habari utakuwa kwenye mkono."

Wakalaza karatasi mezani. Mzee Vifungo, mwenye vidole vilivyozoea vitu vidogo, alizungusha vipande huku na huku mpaka kwapa la kifua likakutana na bega la mkono. Mstari ukaungana na mstari.

"Soma," alisema Shangazi. "Soma yote."

Redio akafuta macho, akasoma kwa sauti ndogo. Wizara iliyotajwa ilikuwa ya nchi jirani. Msemaji alikuwa amesema kwamba chanjo hiyo ilihifadhiwa mahali penye joto katika bohari moja, ikaharibika. Iliondolewa yote, na nyingine iliyo salama ingeanza kutolewa wiki iliyofuata. Wazazi waliombwa wasiache kuwapeleka watoto. Juu ya ukurasa, kwenye ncha ya mkono, ilibaki tarehe. Gazeti lilikuwa la miaka mitano nyuma.

"Bonge alikuwa hata hajazaliwa," alisema Mzee Vifungo. Akavua miwani. "Na mimi nina langu la kuungama. Hiyo habari niliipeleka kwa kinyozi. Nilimwambia imo gazetini, nimeisikia kwa masikio yangu."

"Mimi niliwaambia wenzangu bombani," alisema Mama Bonge, bado amewapa mgongo. "Watano. Wote wana watoto wadogo. Na Jumatano hakuna hata mmoja aliyekwenda."

Redio alifikiri amemharibia Bonge peke yake, kumbe na watoto wa nyumba nyingine tano.

"Jua bado lipo," alisema Shangazi, akichukua kanga yake. "Mzee, nenda kwa kinyozi. Mama Bonge, wewe mpumzishe mtoto, umpe maziwa na maji, na asubuhi mapema muwe kliniki. Akizidiwa usisubiri asubuhi, tuite. Redio, chukua gazeti la leo na hivi vipande viwili. Twende bombani na nyumba kwa nyumba."

"Utaniombea msamaha, Shangazi?"

"Nitakusindikiza. Kusema utasema mwenyewe."

Redio akapiga moyo konde. Nyumba ya kwanza mlango ulifunguliwa na mama mwenye mapacha. Redio akasema, "Shikamoo mama. Habari ya chanjo mliyosikia nilianzisha mimi. Ilikuwa ya zamani, ya nchi nyingine, na maneno mengine niliyatunga. Habari ya kweli ni hii hapa." Akasoma ukurasa wa tatu kutoka kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. Yule mama alimtazama, akamtazama Shangazi, akasema, "Makubwa!" lakini akaahidi kwenda. Nyumba ya pili walimfokea. Ya tatu walimcheka. Ya nne walimshukuru, na hiyo ilimtia aibu kuliko zote.

Nyumba ya tano ilikuwa ya muuza mboga, mwanamke mkali mwenye binti wa mwaka mmoja. Alimsikiliza Redio akiwa ameshika kiuno.

"Wewe unaniambia ni uongo, na mimi nimesikia watoto wawili walikufa kwa hiyo chanjo."

"Walikufa?" Redio alishtuka. "Mimi sikusema hivyo! Sikusema kabisa!"

"Basi nani kasema?"

Redio akageuka kumtazama Shangazi. Hakuna aliyejua nani kasema. Habari ilikuwa imetoka kinywani mwake Jumatatu ikiwa ndogo, na siku nne tu baadaye ilikuwa imeua watoto wawili ambao hawakuwahi kuwepo.

"Lisemwalo lipo," alisema muuza mboga, "kama halipo laja." Akafunga mlango.

Asubuhi ya Jumamosi, Redio na Shangazi walifika kliniki kabla haijafunguliwa. Mabenchi marefu yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani, na muuguzi mwenye koti jeupe alikuwa anapanga makaratasi. Mama Bonge alikuja na mtoto mgongoni. Alimsalimia Shangazi. Lakini hakumtupia Redio jicho.

Muuguzi alimpima Bonge joto, akamsikiliza kifua, akamkagua macho na ngozi, mwisho akampenyeza kidole mdomoni.

"Surua?" aliuliza Mama Bonge.

"Surua gani? Meno haya! Mawili kwa mpigo. Joto lenyewe ni dogo, halizuii chanjo. Ila ungechelewa zaidi, mama, na ugonjwa uko ng'ambo ya daraja tu, ningekugombeza. Mnyonyeshe kwanza atulie, atachomwa mwishoni."

Mama Bonge akakaa chini, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa raha ya kupona hofu. Redio alitamani kumshika mkono, akaogopa. Akabaki kuhesabu watu wanaoingia mlangoni. Mama mwenye mapacha akaja. Waliomfokea wakaja, waliomcheka wakaja, waliomshukuru nao wakaja. Hata kinyozi alimleta mjukuu wake, akisema mzee mmoja mwenye kelele alimjia jana, akamfukuza kitandani tena leo alfajiri. Ila muuza mboga hakuonekana.

Saa tatu, hayupo. Saa nne, hayupo. Redio akainamisha kichwa.

"Yule mtoto akiugua ni mimi, Shangazi."

Shangazi hakumbembeleza kwa uongo. Alimvuta tu karibu, akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo.

Bonge, wa mwisho kwenye foleni, alikuwa ameingizwa kwa mchoma sindano, na muuguzi alikuwa ameanza kufunga sanduku la barafu la chanjo pale muuza mboga alipotokea mlangoni, binti yake mkononi, uso umekunjwa kama mtu aliyekuja kugombana. Akapita benchi zote mpaka kwa Redio.

"Sijalala," alisema. "Nimefikiri usiku mzima. Watu walioniletea ile habari ya watoto waliokufa, hakuna aliyejua kaitoa wapi. Wewe peke yako umekuja mlangoni kwangu kusema, mimi ndiye niliyeianzisha, nimekosea. Nikajiuliza, mtu atajitukanisha hivyo mbele ya mlango wangu apate nini? Nikaona wewe ndiye wa kuaminiwa." Akamgeukia muuguzi. "Usifunge hilo sanduku, dada. Bado mmoja."

Machozi yalimtoka Redio tena, safari hii ya furaha, wala hakuyaficha.

"Umesikia alivyosema?" aliuliza Shangazi. "Mimi nimeshona miaka ishirini, na mpaka leo huwa nakosea kipimo. Fundi mzuri siyo yule asiyekosea. Ni yule anayekubali kufumua. Wewe jana umefumua nyumba kwa nyumba, na nimejivunia. Lakini kushona upya ni kazi kuliko kushona vizuri mara ya kwanza, umeona mwenyewe. Habari usiyojua mwisho wake usiimalizie kwa akili yako. Sema sijui. Sijui haijawahi kumdhuru mtoto wa mtu."

"Nimekuelewa, Shangazi."

Mlango wa chumba cha sindano ukafunguliwa, kelele za Bonge zikatangulia, kisha Mama Bonge akatoka naye, mdomo wa mtoto wazi, machozi yamejaa kwenye yale mashavu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye benchi, akasimama mbele ya Redio. Hakuwa amesema naye neno tangu jana. Akamtua Bonge mapajani mwa Redio.

"Mshike, nimechoka," alisema. "Na umweleze hiyo sindano ilikuwa ya nini. Yote, mpaka mwisho."

Redio akamkumbatia Bonge kwa mikono yote miwili, akasogeza mdomo sikioni mwake, akaanza kumweleza.